Paa Lililotoka Jasho

Fyuu.

Sauti nyembamba, kama ya birika lililokaribia kuchemka. Binti alikuwa na miaka kumi alipoanza kuisikia, na ilitoka kifuani mwa mdogo wake wa kiume, mwenye miaka minne, aliyelala ubavuni mwake katika chumba chao kimoja. Mama yao alikuwa akifua shuka za hospitali, zamu ya usiku. Kila alipotoka alimwachia binti maagizo yaleyale mawili. Funga dirisha, baridi isimwingie mtoto. Na sauti ile ikianza, hesabu pumzi zake kwa saa ya ukutani. Zikizidi arobaini kwa dakika, mkimbilie jirani. Basi binti alifunga dirisha, akashindilia matambara penye nyufa, akalala chali akihesabu. Thelathini na mbili. Thelathini na sita. Nyuma ya kitanda maji yaliteremka ukutani taratibu, na hakuna aliyejiuliza yalikotoka.

Mdogo wake hakufa. Alirefuka mpaka akawa anainama milangoni, akaoa msusi mwenye maneno mengi, akaajiriwa na idara ya maji kupima vina vya visima. Kazi hiyo ilimpeleka uwanda wa juu, kwenye baridi na vumbi, wiki tatu kwa mkupuo. Kifua chake kilitulia kadiri alivyokua, lakini hakikusahau. Naye dada yake hakusahau. Hata leo akikaa na mtu aliyesinzia hujikuta anamtazama kifua, midomo ikichezacheza.

Yeye alikuwa fundi wa turubai. Karakana yake ni banda refu la mabati lenye meza moja kubwa katikati, na cherehani ya chuma ambayo sauti yake husikika mpaka kwa wachomeleaji, banda la tano. Kidole gumba chake cha kulia kimevaa kipande cha ngozi cha kusukumia sindano, amekivaa miaka mingi hata akikivua ngozi yake mwenyewe huonekana ngeni, nyeupe, kama ya mtu aliyeogelea mno. Hushona maturubai ya malori. Madereva humwita Mama Turubai, na wanajua akishamaliza kazi huwa anamwambia mteja maneno hayahaya: "Tone moja likipita kwenye mshono wangu, niletee hili turubai nilitafune." Kwa miaka thelathini hajatafuna turubai.

Ndiyo maana mdogo wake alipochoka kulala kwenye nyumba za wageni zenye mablanketi ya vumbi, hakwenda kwa fundi mwingine. Dada na mchomeleaji mmoja jirani walimtengenezea kijumba nyuma ya pikapu ya idara. Kilikuwa sanduku la plaiwudi lenye kitanda, jiko dogo na kabati, na juu yake paa la alumini linaloinuka. Gari likiwa njiani paa hulala kama kifuniko cha sufuria. Likifika, mdogo wake hulisukuma kwa mikono miwili, vyuma vinne vinalishikilia, na kati ya sanduku na paa hujitandaza mkanda wa turubai, mrefu kama mkono wa mtu mzima, unaozunguka pande zote nne. Mkanda huo ulikuwa fahari ya dada. Mishono mitatu kila sentimita, uzi uliopakwa nta. Karibu na paa, mbele na nyuma, aliacha matundu mawili ya hewa yenye wavu, na nje kifuniko cha kukunja. Ndani alipitisha kitambaa chepesi cha rangi ya maziwa ukuta mzima, ili mdogo wake alale mahali pazuri.

Safari ya kwanza alirudi akikohoa vumbi. Ya pili alirudi akisema paa linavuja, naye dada akapaka silikoni kila mahali ambapo turubai lilikutana na chuma. Ya tatu alirudi siku kumi kabla ya siku yake. Aliyeendesha pikapu mpaka uani alikuwa mke wake.

Msusi alishuka kwanza, akafungua mlango wa nyuma, akavuta godoro likaanguka chini kwa upande wake wa juu. Upande wa chini ulikuwa umejaa madoadoa meusi, kama mtu aliyenyunyiza wino.

"Wifi," alisema, "nimekuletea mume wangu na godoro lake. Wote wameota kuvu. Sijui utaanza na yupi."

"Anza na godoro," mdogo wake alisema kutoka ndani ya gari. "Lenyewe halina bima."

Alishuka pole pole, akashika mlango. Dada alisikia kabla hajamfikia. Fyuu. Miaka arobaini na minne ilitoka mbio ikaja ikasimama mbele yake.

"Umemwona daktari?"

"Nimemwona. Siku kumi na mbili za kupumzika, dawa ya kuvuta asubuhi na jioni. Halafu napimwa na daktari wa idara. Kifua kikiwa bado kinaimba, siendi tena uwandani. Nitapewa meza."

"Meza ya kufanyia nini?"

"Kupanga makaratasi ya visima walivyopima wengine."

Alisema kwa utani, lakini hakucheka. Dada alimjua. Huyu ni mtu aliyekuwa akirudi safari anaeleza kisima kimoja kimoja kama mtu anayeeleza ndugu zake: kile kina aibu, hakijai mpaka watu waondoke; kile cha mashariki kina maji matamu lakini kina hasira. Kumweka mezani ni kumzika wima.

"Na linavuja, Dada," aliongeza. "Samahani, najua hupendi kusikia. Alfajiri tone linanipiga hapa, kwenye paji. Nahamisha kichwa, linanifuata. Nahamia miguuni, linanisubiri huko."

"Mvua ilikuwa kubwa?"

"Mvua gani? Huko haijanyesha tangu nifike. Vumbi tupu."

Fundi alisimama na mkono juu ya bati la gari. Lile jibu lilimwingia kama sindano iliyokosea njia.

"Daktari kasema alale penye hewa," msusi alisema. "Nikamwambia hewa anayo, ana matundu mawili, kashonewa na dada yake mwenyewe."

"Na nayafungua kila jioni," mdogo wake alisema. "Kabla hata sijavua viatu. Nakunja vifuniko vyote viwili, kama ulivyonielekeza."

Mama Turubai alichukua pini tatu mezani akaziweka mdomoni. Mtu mwenye pini mdomoni haulizwi maswali.

Kwa sababu matundu yale yalikuwa hayafunguki. Baada ya safari ya kwanza, ile ya kikohozi cha vumbi, alikuwa amepanda ndani ya kijumba peke yake, akafumua kitambaa cha rangi ya maziwa, akaweka kipande cha turubai nyuma ya kila wavu, akakishona imara, akarudisha kitambaa juu yake. Ukiwa nje unaona wavu. Ukiwa ndani unaona kitambaa. Katikati palikuwa ukuta. Hakumwambia mdogo wake kwa kuwa angekataa. Siku zote alikuwa mtu wa kufungua madirisha. Alifanya kwa wema, akaona amefanya vizuri, na akasahau. Sasa alikumbuka kila mshono.

Alijiambia hayo hayahusiani. Maji ni maji, na hewa ni hewa. Walipoondoka na kuliacha gari, alivuta mpira wa maji wa bomba la karakana, akapanda ngazi, akalimwagia paa kwa muda wa saa nzima: mbele, nyuma, kwenye pembe, kutoka chini kwenda juu kama mvua ya upepo. Mchomeleaji alipita akauliza kama anaiogesha pikapu au anaibatiza. Kisha aliingia ndani na karatasi ya kukaushia wino, akapapasa kila mshono kuanzia mlangoni mpaka mlangoni.

Pakavu. Hata unyevu wa kulowesha ncha ya karatasi hapakuwa nao.

Mtu mwingine angefurahi. Yeye alikaa kwenye plaiwudi lililokosa godoro. Kama mishono yake ingekuwa inavuja, angejua la kufanya. Angefumua, angeshona upya, angeomba radhi, basi. Lakini mishono ilikuwa mizima, na ndani kulinyesha. Basi maji yalikuwa yanatoka wapi?

Siku mbili alishindwa kushona. Alikata pazia la lori la mchanga likawa fupi, akalikata tena akisahau kwamba limeshakuwa fupi. Nyumbani alikuwa anaamka alfajiri na kugusa ukuta wa chumba chake mwenyewe. Kila simu ilipolia aliiacha iite mara mbili kwanza, kwa kuogopa ni msusi anampa habari za kifua. Na kweli alikuwa msusi kila jioni, na kila jioni alisema vilevile: "Hajambo kidogo, lakini bado anapiga filimbi. Vipi, umeliona tundu?"

"Bado natafuta," alijibu.

Siku ya tatu alikuja Breki. Huyu ni dereva wa lori la nafaka, mzee mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi nyuma ya kisogo, aliyepewa jina hilo kwa sababu ya mwendo wake. Inasemekana akiona jani barabarani anapunguza. Alileta turubai lenye pete ya kupitishia kamba iliyong'oka. Alimkuta fundi amelala chali ndani ya kijumba, mlango wazi, anatazama paa.

"Mama Turubai. Umekufa au unapumzika?"

"Natafuta tundu linalovuja."

"Kwenye kazi yako?" Breki aliangua kicheko kidogo, cha pua. "Hutalipata. Nakumbuka lile turubai la kwanza ulilonishonea. Nilikuja hapa kukulalamikia, ukanifukuza na mkasi."

"Sikukufukuza. Nilikuwa nimeushika tu."

"Uliushika kwa kunielekezea." Alivua miwani, akaihemea, haa, kioo kikafunga ukungu mweupe, akaanza kuifuta kwa pindo la shati. "Nilikwambia mahindi yangu yamelowa, ukasema nimeyalowesha mwenyewe. Kumbe kweli. Turubai la yule fundi wa zamani lilikuwa linapitisha upepo kila mahali, mahindi yanafika makavu. Lako halikupitisha hata pumzi ya sisimizi. Mahindi yakatoka jasho."

Fundi aliinuka akaketi. "Mahindi yanatokaje jasho?"

"Usiniulize mimi, yaulize yenyewe. Nafaka ina joto lake, ina unyevu wake. Mchana unapanda juu, jua linalichoma turubai, hakuna shida. Ikifika alfajiri turubai limekuwa baridi kama chuma, ule unyevu unalikuta hapo, unageuka maji, unarudi kunyesha juu ya magunia. Siku hizi nikisimama kupumzika nainua kona mbili. Ya chini upande upepo unakotoka, ya juu upande wa pili. Unaingilia huku, unatokea kule. Kona moja haitoshi, nilijaribu." Alivaa miwani, akamtazama. "Mbona umeniangalia hivyo?"

Hakuwa anamwangalia yeye. Alikuwa anaangalia miwani.

"Ihemee tena," alisema.

"Nini?"

"Miwani. Ihemee."

Breki, kwa kuwa hajawahi kukataa jambo kwa haraka, aliivua tena akaihemea. Ukungu ukatanda juu ya kioo. Fundi alinyoosha kidole chake cha ngozi, kisha akakivua kile kipande cha ngozi, akagusa kwa kidole kitupu. Kilirudi kimelowa.

Mtu mmoja usiku kucha. Birika la chai kabla ya kulala, koti la kazi lenye umande likitundikwa ndani. Juu yake paa la alumini lililo uchi, katika uwanda ambao alfajiri mikono hufa ganzi. Na yeye, kwa mishono mitatu kila sentimita, alikuwa amemfungia mdogo wake na pumzi zake mwenyewe, zinapanda, zinagota, zinamrudia usoni. Hakuna maji yaliyoingia. Kila tone lilikuwa la mdogo wake mwenyewe.

"Nilimziba," alisema.

"Nani?"

"Pete yako njoo uichukue kesho, Mzee."

Alipobaki peke yake alichukua wembe wa kufumulia. Fundi mzuri hushona kazi ambayo ni shida kufumua, na yeye alikuwa fundi mzuri. Mishono ya tundu la mbele peke yake ilimla mchana mzima. Kila uzi aliokata ulimwambia jambo. Kile kipande cha turubai kilipotoka, upande wake wa ndani ulikuwa mweusi kwa kuvu, umelainika kama ulimi. Alikiviringisha kwenye gazeti. Upepo mdogo uliingia kwenye wavu ukamgusa shingoni, naye, kwa mazoea ya miaka yote, alinyoosha mkono kutafuta tambara la kuuziba. Aliuona mkono wake ukienda. Akaurudisha.

Kulikuwa na njia rahisi. Angefumua na tundu la nyuma, angerudisha kitambaa, angemwambia mdogo wake kwamba tundu limepatikana na limekwisha. Angeshukuriwa. Msusi angemletea kitu cha kushukuru na kumtania mwaka mzima. Hakuna aliyejua, na hakuna ambaye angejua. Alilifikiria hilo siku mbili nyingine, na kila alipolikubali, usingizi ulimruka. Maana mdogo wake alikuwa ameanza kuamini kwamba kifua chake ndicho kibovu. Msusi alimwambia dada kwenye simu: "Anasema labda uwanda umemkataa. Ameanza kunoa penseli, wifi. Mtu mzima, ananoa penseli za ofisini."

Dada alimwita mdogo wake siku ya sita. Alikuja na mke wake, akashuka ngazi ya karakana akijishikilia, fyuu ikiwa nyembamba zaidi kuliko juzi lakini ipo. Fundi hakumkaribisha kiti. Alifungua gazeti juu ya meza, akaonyesha vile vipande viwili vyeusi.

"Hivi vilikuwa nyuma ya wavu," alisema. "Cha mbele na cha nyuma. Niliviweka mimi, uliporudi na kile kikohozi cha vumbi. Sikukwambia. Paa halivuji. Ni pumzi zako, hazikuwa na pa kutokea."

Mdogo wake aliviinamia. Akakigusa kimoja kwa ukucha.

"Kwa hiyo mimi kila jioni," alisema, "nakunja vifuniko, nafunga kamba zake vizuri, nasimama nje natazama, najisemea sasa hewa inaingia."

"Ndiyo."

"Nikiwa nafungulia ukuta."

"Ndiyo."

Msusi alikuwa amefumbua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe katika ukoo ule, hakuna kilichotoka. Mdogo wake alitembea mpaka kwenye pikapu, akasimama amewapa mgongo. Mabega yalikuwa yakipanda na kushuka. Dada alianza kuhesabu, akajikataza, akaendelea kuhesabu.

"Ulikuwa unaniziba hata zamani," alisema bila kugeuka. "Lile dirisha. Nilikuwa nikiamka nataka lifunguliwe, unaniambia mama amekataa."

"Mama alikataa."

"Najua. Ulikuwa mtoto na wewe."

Akageuka. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini pembeni mwa mdomo palikuwa pameanza kupinda.

"Sasa hilo turubai utaanza kulitafuna lini? Maana uliahidi wateja wote."

"Mtafunishe kile cheusi," msusi alisema, sauti imemrudia. "Kina ladha ya kuvu, kama supu." Kisha akamkazia wifi yake macho. "Na mimi nina langu la kukwambia, ila nitalisema akishapona. Likae hapo linakungoja."

"Nalingoja," Mama Turubai alisema.

Zilibaki siku sita. Walifanya kazi watatu, mdogo mtu akiwa amekalishwa kwenye ndoo iliyopinduliwa, kazi yake kukosoa. Matundu ya juu yalipanuliwa yote mawili, na kila moja likashonewa kikofia kinachotazama chini, kama ukope, ili vumbi lisiingie moja kwa moja. Nyuma ya wavu akaweka kitambaa cha kuchuja kinachotoka kwa vifungo, mdogo wake akifue mwenyewe kila wiki. Mchomeleaji alikata tundu jingine chini, kwenye mlango wa sanduku, huku akinung'unika kwamba ameombwa kutoboa kazi aliyoambiwa aizibe. Upepo uingilie chini, utokee juu upande wa pili, kama kona za Breki. Upande wa ndani wa paa ulivikwa sufi nzito ili baridi ya alumini isikutane na pumzi ikiwa uchi. Chini ya godoro jipya zikapangwa fito, zikiachana kidole kimoja kimoja, godoro nalo lipate pa kupumulia. Na birika likapigwa marufuku ndani.

"Nitachemshia wapi chai?"

"Nje."

"Na baridi ile?"

"Vaa koti. Nalo ulitundike hukohuko nje."

Hakuna kilichomhakikishia dada. Kila alipofungua tundu aliona baridi ikiingia. Alilaza kichwa akiwaza: kama nilikosea kuziba, je, kama nakosea kufungua? Kama kesho kutwa nimempeleka uwandani na sanduku lenye matundu matatu, baridi ikamkaa kifuani, nitamwambia nani? Alipima upepo kwa moshi wa kijiti cha udi, akauona moshi ukipinda kuelekea juu na kutoka. Akawasha kingine. Akawasha cha tatu, mpaka msusi akamwuliza kama anatengeneza gari au anaita mizimu.

Usiku wa mwisho, kabla ya siku ya kupimwa, dada alisema hawezi kumruhusu alale mle peke yake kwa mara ya kwanza. Kulikuwa na baridi kali, bahati njema ya majaribio, na anga safi bila wingu. Basi walilala wawili, watu wazima wenye mvi, ndugu wa tumbo moja, mmoja juu kwenye kitanda na mwingine chini kwenye mkeka kati ya kabati na mlango, paa limeinuliwa uani mwa karakana. Watu wawili, pumzi mbili. Kama paa lingeweza kutoka jasho, lingetoka usiku ule.

"Dada."

"Nini."

"Ukiniziba tena usiku huu nitapiga kelele."

"Lala."

Hakulala yeye. Alivutia blanketi shingoni na kuusikiliza upepo ukiingia kwenye tundu la chini, pale karibu na miguu yake, mwembamba, wenye harufu ya chuma na vumbi la mawe. Aliposinzia alijiona chumbani kwa zamani, matambara mkononi.

Ulipoanza kuingia mwanga wa kijivu aliinuka kwa magoti. Aligusa turubai kwanza, upande wa mbele. Kavu. Akagusa kitambaa, kona kwa kona. Kikavu. Akapapasa sufi ya paa, na godoro kwa chini, akipenyeza mkono kati ya fito. Pakavu. Vichwa viwili vya skrubu, ambavyo alisahau kuvifunika, vilikuwa na matone madogo kama ya jasho juu ya mdomo wa mtu. Alivifuta kwa kidole gumba, bila ngozi. Aliweka kidole mdomoni. Maji tu.

Kisha akabaki na kazi ile nyingine. Saa tatu mdogo wake angekuwa mbele ya daktari wa idara, shati limefunguliwa, na mtu mgeni angemwekea chuma baridi mgongoni amsikilize. Alitaka kusikia kabla ya mgeni huyo. Akasogeza uso karibu na kitanda. Mdogo wake alikuwa amelala chali, mdomo umefumbuka kidogo, mvi za kidevuni zikionekana katika mwanga mdogo. Pumzi zilikuwa zinaingia na kutoka. Dada aliinama zaidi akitafuta ile filimbi, akakosa, akahisi labda masikio yake yamezeeka, akaitafuta tena.

Akainua saa ya mkononi. Mshale ukapita juu. Midomo yake ilianza kucheza, kama ilivyocheza alipokuwa na miaka kumi, moja, mbili, mkono mmoja ukiwa umeshika ukingo wa kitanda. Juu yao, kwenye wavu wa mbele, hewa ilikuwa ikitoka bila sauti. Mshale ukarudi juu.

"Ngapi?" mdogo wake aliuliza, macho yamefumbwa.

Hakushtuka. Alimwekea mkono kifuani, akauacha hapo.

"Kumi na tano," alisema, chini kwa chini, kama mtu asiyetaka kuamsha chumba kingine.